Matembezi ya Kutambua Uyoga Bugolobi: Maarifa ya Kijijini Yanapohamia Mjini

Ikisiri

Makala hii inayachunguza matembezi ya kikundi ya kutafuta na kutambua uyoga kama njia ya kuzalisha maarifa ya pamoja katika mtaa wa Bugolobi, jijini Kampala. Hoja yake ni kwamba ujuzi wa uyoga hufungamana na mahali ulikopatikana. Mtu anapohama kutoka shambani hadi mjini, macho yaliyomlisha utotoni yanaweza kumdhuru, kwa kuwa mji una ardhi nyingine, nyasi nyingine na uchafu mwingine. Makala inaeleza uhusiano wa uyoga na mchwa, uyoga wa nyasi unaoshabihiana na ule unaopendwa, namna kikundi kinavyofikia uamuzi, tatizo la ardhi ya bonde la Nakivubo, na suala la majina ya kuvu katika Kiluganda na Kiswahili.

1. Msimu na matembezi

Katika Ulaya, matembezi ya kutafuta uyoga yana majira yake: wakati wa kupukutika majani, misitu inapolowa na kuvu zikachomoza juu ya ardhi. Desturi hiyo ilipata sura ya kitaaluma mjini Hereford, Uingereza, mwaka 1868, wakati chama cha Woolhope cha wapenzi wa maumbile kilipoanza kuwaalika wanachama wake kutembea pamoja na kulinganisha walichookota. Desturi ilienea, na mwaka 1896 ikaundwa jumuiya ya kitaifa ya elimu ya kuvu ambayo hadi leo huandaa matembezi ya namna hiyo.

Kampala haina majira hayo. Mji uko karibu mno na ikweta, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwaka wake hugawanywa na mvua: zile za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba zinazomwagika mara nyingi hadi Desemba. Wafasiri wamezoea kuyaita majira ya Ulaya ya kupukutika majani vuli, ilhali neno hilo kwa asili ni jina la mvua. Kwa mtafuta uyoga wa Kampala maana hiyo ya asili ndiyo sahihi, kwa sababu uyoga wake hauufuati upepo wa baridi wala jani linaloanguka. Huifuata mvua ya kwanza nzito baada ya kiangazi, na hudumu siku chache tu.

Matembezi ya kikundi ya kuangalia viumbe si mageni katika eneo hili. Nairobi ina matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, na jijini Kampala shirika la Nature Uganda limekuwa likiandaa matembezi ya kila mwezi. Kuvu, hata hivyo, zimepata nafasi finyu katika desturi hiyo. Sababu moja ni ya kimaumbile: ndege hutambuliwa akiwa hai juu ya mti, na mtambuzi akikosea hakuna anayeumia. Uyoga hung'olewa, hunuswa, hukatwa, na takriban kila mara kuna mtu kikundini anayeuliza kama unalika. Swali hilo huyafanya matembezi ya uyoga kuwa jambo zito kuliko yanavyoonekana.

2. Uyoga wa mchwa

Uyoga unaothaminiwa zaidi katika Uganda ya kati hauna shamba lake peke yake; unafugwa. Mchwa wa kundi la Macrotermitinae hawawezi kumeng'enya vizuri mbao na majani makavu wanayoyakusanya. Ndani ya kichuguu hujenga masega kwa kinyesi chao chenye vipande vya mimea, na juu ya masega hayo huotesha kuvu wa jenasi Termitomyces, jina lililotolewa na mtaalamu wa Kifaransa Roger Heim mwaka 1942. Kuvu huyavunja mabaki ya mimea, na mchwa huyala masega yaliyokwisha kulainishwa pamoja na vinundu vyeupe vya kuvu wenyewe. Ushahidi wa kijenetiki unaelekeza kwamba ushirika huu ulianza katika misitu ya mvua ya Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, yaani muda mrefu kabla binadamu hajashika jembe.

Mvua zinapoanza, kuvu hao hutoa uyoga. Katika spishi nyingi, uyoga huanzia kwenye sega chini ya ardhi na kupenya juu kwa shina lenye mkia mrefu unaofanana na mzizi, wakati mwingine wenye urefu wa sentimita makumi kadhaa. Katikati ya kofia huwa na chuchu ngumu iliyochongoka, ambayo ndiyo hutoboa udongo. Spishi moja ya Zambia, Termitomyces titanicus, iliyoelezwa kitaaluma mwaka 1980, huweza kuwa na kofia inayokaribia mita moja kwa upana. Kwa upande mwingine kuna Termitomyces microcarpus, ambao Waganda huuita obubaala: uyoga mdogo mweupe, wenye kofia isiyozidi sana upana wa sarafu, unaotokea kwa mamia mahali pamoja. Huu hauna mkia wa kushuka kichuguuni. Mchwa huyatoa nje mabaki ya masega na kuyatawanya juu ya ardhi, na uyoga huota hapo. Obubaala hukaushwa, huuzwa, na hupikwa kwa mchuzi wa karanga. Katika meza ya Kiganda ni chakula cha heshima, wala si kitoweo cha kujazia.

Kwa hiyo Mganda aliyekulia kijijini hujifunza uyoga akianzia kwenye ekiswa, yaani kichuguu. Anajua ni kichuguu kipi cha jirani kilitoa mwaka jana, baada ya mvua ya siku ngapi, na kwamba msimu wa kuchipua hukaribiana na ule wa enswa, kumbikumbi wanaoruka jioni. Ujuzi huu ni wa anwani kabla ya kuwa wa umbo. Msichana wa miaka minane anayetumwa kuokota hapewi maelezo ya rangi ya matamvua, anaambiwa mahali.

Uzito wa uyoga katika jamii hiyo unaonekana pia katika koo. Buganda ina ukoo wa Butiko, ambao kitu chao cha mwiko ni uyoga. Mkuu wake huitwa Ggunju na makao yake ya jadi ni Bukalango, Busiro. Simulizi za Buganda zinamtaja Kabaka Mulondo, aliyetawazwa akiwa mtoto mchanga, na wajomba zake wa ukoo huo waliobuni ngoma ya amaggunju ili kumtuliza. Wanaukoo hawali uyoga. Mwiko wao huitwa omuziro, neno ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia likikaribiana na mzio. Jambo hili lina maana ya kimatendo kwa matembezi ya kikundi: mtu wa ukoo wa Butiko anaweza kuujua uyoga vizuri bila kuwa na haja ya kuutia chunguni, na shahidi asiye na njaa ya kinachoshuhudiwa ni shahidi wa thamani.

3. Nyasi za Bugolobi

Bugolobi imelala kwenye mteremko unaoshuka kutoka upande wa Mbuya kuelekea bonde la Nakivubo. Juu kuna majumba yenye bustani, barabara zenye miti ya kivuli kama Luthuli Avenue, na magorofa ya zamani ya Bugolobi. Chini kuna ardhi oevu. Kiswahili kina msemo kwamba majengo yanachipuka kama uyoga. Bugolobi msemo huo una kejeli yake, kwa kuwa majengo yanayochipuka ndiyo yanayouondoa uyoga wenyewe: kichuguu husawazishwa kabla ya msingi kuchimbwa, na udongo wake, unaoshikamana vizuri, hugeuzwa matofali.

Kinachokuja badala yake ni nyasi za bustani, na nyasi zina uyoga wao. Ulio muhimu kuliko wote kwa usalama wa watu ni Chlorophyllum molybdites, ulioenea katika nchi za joto na unaopenda sehemu zilizokatwa nyasi na kumwagiliwa maji. Ni mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete inayosogea kwenye shina. Hutokea kwa makundi, aghalabu kwa mduara, mvua inapoanza: wakati uleule ambao mgeni kutoka kijijini anautarajia uyoga wa mchwa. Ukiwa mchanga, matamvua yake, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangwa chini ya kofia kama kurasa za kitabu, huwa meupe. Anayekumbuka uyoga mkubwa mweupe wa nyumbani ana kila sababu ya kuufurahia. Akiula, saa chache baadaye hupatwa na kutapika na kuharisha kukali. Watu wazima wengi hupona, lakini mtoto aliyepoteza maji mengi yuko hatarini.

Mtu huyu hakukosa ujuzi. Alikuwa na ujuzi kamili wa mahali pengine. Kanuni yake ya kijijini, "uyoga mkubwa mweupe unaotoka ardhini baada ya mvua ni chakula", ilikuwa ya kutegemewa pale ambapo karibu kila uyoga wa namna hiyo ulitoka kichuguuni. Kilichobadilika ni ardhi chini ya kanuni. Washauri wa sera wanaozieleza ajali za uyoga kuwa matokeo ya ujinga hawazisomi vizuri. Mara nyingi ni ajali za uhamiaji.

Kanuni nyingine zinazosikika mijini hazina hata msingi huo. Kwamba uyoga uliotafunwa na konokono au wadudu ni salama, kwamba sumu hutoka ukiuchemsha na kumwaga maji, au kwamba uyoga wa sumu huigeuza fedha kuwa nyeusi: zote ni za uongo. Konokono hula kuvu ambazo humuua mtu. Sumu za kundi la amatoksini, zinazopatikana katika baadhi ya spishi za jenasi Amanita, haziharibiwi na moto wa jikoni. Ubaya wake mkubwa ni kuchelewa: dalili huanza saa sita au zaidi baada ya mlo, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiendelea kuharibika.

4. Kikundi kinavyoamua

Matembezi yanayofaa hayahitaji watu wengi. Kumi wanatosha, wakizidi sana wa nyuma hawaoni kitu. La muhimu ni mchanganyiko. Awepo mzee, aghalabu mama, anayeyajua majina ya Kiluganda na misimu. Awepo mwanafunzi au mtafiti wa botania. Awepo wa kuandika. Na wawepo watoto, ambao macho yao yako karibu na ardhi. Kisu, vikapu au mifuko ya karatasi, kalamu na simu ya kupigia picha ndivyo vifaa. Mifuko ya plastiki haifai, kwa kuwa uyoga hutoka jasho na kuoza humo kabla ya jioni.

Uyoga unapopatikana, swali la kwanza huamua ubora wa mengine yote. Kikundi kikiuliza kwanza "unalika?", kila mtu hutafuta majibu kumbukumbuni mwake. Kikiuliza "umeota juu ya nini?", wote hulazimika kuinama. Uyoga haukatwi kwenye shina. Huchimbuliwa taratibu kwa kisu hadi mwisho wake. Hapo Termitomyces wa kawaida hujisaliti kwa mkia unaoendelea kushuka kuelekea kwenye masega, wakati ule wa nyasi huishia kwenye uvimbe mfupi uliotapakaa nyuzi nyeupe. Jaribio hili halihitaji hadubini, na linauunganisha ujuzi wa mama wa kijijini na ule wa maabara: wote wawili wanauliza habari za mchwa. Bado lina mipaka. Obubaala hauna mkia, na mkia wa spishi nyingine hukatika kirahisi katika udongo mgumu.

Ndiyo maana kuna jaribio la pili, ambalo haliwezi kumalizwa njiani. Kofia hukatwa na kulazwa matamvua chini, nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya karatasi nyeusi, kisha hufunikwa kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi vijimbegu vimechora chapa. Chapa ya Termitomyces ni ya waridi hafifu au maziwa yaliyoiva. Ya Chlorophyllum molybdites ni ya kijani, rangi adimu sana miongoni mwa uyoga. Faida ya chapa hii ni zaidi ya rangi. Inalazimisha usiku mmoja kupita kati ya kuokota na kuamua, na usiku huo hupoza shauku. Matembezi mazuri hayaishi washiriki wanapoagana. Huisha kesho yake wanapolinganisha karatasi.

Mafanikio ya njia hii yanaonekana Tanzania. Marja Härkönen wa Finland, Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walifanya kazi ya miaka mingi iliyozaa, mwaka 2003, kitabu kikubwa cha uyoga wa Tanzania kinachoweka pamoja maelezo ya kisayansi, majina ya lugha za wenyeji na matumizi. Maarifa hayo yalitoka kwa watu wanaookota katika misitu ya miombo. Huko uyoga mwingi unaolika huishi kwa ushirika na mizizi ya miti kama ya jenasi Brachystegia. Bugolobi haina miombo. Kitabu hicho, pamoja na kile cha David Pegler cha mwaka 1977 kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki wenye matamvua, ni mwongozo mzuri wa kulinganishia, lakini hakiwezi kulifanyia kazi jicho la mtaa. Hapa hoja ya mahali inawahusu wataalamu pia.

5. Uyoga uliotambuliwa sawasawa usioliwa

Njia ya matembezi ikishuka kuelekea bondeni, tatizo hubadilika. Mfereji wa Nakivubo hupokea maji ya katikati ya jiji na eneo la viwanda. Bugolobi ndiko uliko mtambo wa kusafisha majitaka wa jiji. Na ardhi oevu hubeba kinachobaki kabla hakijafika katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Watu hulima magimbi na miwa humo, na watafiti kwa miaka mingi wamekuwa wakipima madini mazito katika udongo na mazao ya bonde hilo.

Spishi nyingi za kuvu zina tabia ya kuyakusanya mwilini madini kama kadimi na zebaki kupita kiasi kilichomo ardhini. Kupika hakuyaondoi. Kwa hiyo mtu anaweza kuupata uyoga wa mchwa ukingoni mwa bonde, akaupa jina sahihi la Kiluganda na la Kilatini, kikundi kizima kikakubaliana, na bado usifae kuliwa. Jina husema kitu hiki ni nini; halisemi kimekunywa nini. Tahadhari hiyohiyo yahusu ukingo wa barabara yenye magari mengi na nyasi zinazonyunyiziwa dawa. Katika matembezi ya Bugolobi, kanuni iliyo rahisi kusimamia ni kwamba kinachookotwa ni cha kujifunza, na chakula kinunuliwe kwa wakulima wa uyoga wa mamama, ambao Kampala huoteshwa kwa wingi juu ya makapi ya mbegu za pamba. Kanuni hiyo itawaudhi wazee wengine, na wana haki ya kuudhika, kwani inawaambia kwamba mji umewaharibia chakula.

6. Majina

Inakadiriwa kuwa duniani kuna spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na 3.8, na zilizokwisha kuelezwa ni yapata 150,000 tu. Katika hali hiyo, jina la mahali si pambo. Obubaala linabeba ukubwa, wingi, msimu, upishi na bei kwa pamoja. Kiswahili sanifu kina uyoga na kuvu, na zaidi ya hapo mwandishi huanza kuelezea. Lugha iliyotambuliwa na katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, kuwa lugha rasmi ya pili, na ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki inaitegemea, haiwezi kutoa tahadhari ya afya kwa maneno mawili.

Kuna vishawishi viwili visivyofaa. Cha kwanza ni kubuni majina mapya mezani, mbali na uyoga wenyewe, na kuyachapisha. Cha pili ni kuliondoa jina la Kiluganda na kubakiza la Kilatini peke yake. Njia iliyo salama zaidi ni kuliingiza jina la wenyeji katika maandishi ya Kiswahili kama lilivyo, likiambatana na jina la kisayansi, picha, mahali na tarehe, pamoja na sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mkusanyo kama wa Chuo Kikuu cha Makerere. Bila sampuli, jina halina cha kulishikilia: vijiji viwili vinaweza kutumia neno moja kwa spishi mbili, na hakuna atakayegundua hadi mmoja wa wanavijiji augue. Sampuli iliyokauka vizuri huweza pia kuchunguzwa vinasaba baadaye. Tangu mwaka 2012 wataalamu wanakitumia rasmi kipande cha ITS kama alama ya utambulisho wa kuvu.

7. Kichuguu kama rasilimali

Tathmini za athari za kimazingira huhesabu miti na kuchora mipaka ya ardhi oevu. Kichuguu hakihesabiwi, ni kizuizi cha kusawazishwa. Lakini katika spishi nyingi za mchwa wanaofuga kuvu, malkia anayeruka kuanzisha makao mapya hachukui kuvu pamoja naye. Watenda kazi wake wa kwanza hutoka nje na kuokota vijimbegu vilivyodondoshwa na uyoga wa makao mengine. Kichuguu kipya cha Mbuya kinaweza kutegemea uyoga uliofunguka Bugolobi. Kukiondoa kimoja ni kupunguza mbegu za vingine, na kuung'oa uyoga wote kabla haujakunjua kofia huleta athari hiyohiyo kwa mkono mwingine. Kikundi kinachotembea hapo baada ya mvua ya Septemba kinahitaji uyoga mmoja au miwili kwa karatasi ya chapa na mmoja wa kukausha. Iliyobaki ikiachwa imesimama siku mbili tatu, inakuwa imekwisha kumwaga vijimbegu vyake.